Klabu ya kucheza ya watoto wenye usonji: namna ya kuianzisha na kuiombea fedha za hisani

Kosa letu la kwanza lilikuwa kushukuru haraka mno. Mfadhili alituletea masanduku 11 ya vitu vya kuchezea, tukapiga picha, tukapiga makofi. Kipindi kilichofuata chumba kilikuwa na vitu vya kutosha watoto 40, watoto wenyewe 9, na watu wazima 2. Gari la betri lililokuwa likiimba bila kukoma lilimchosha mtoto mmoja hadi akaingia chini ya meza, akakaa huko dakika 25. Hakukuwa na mtu wa kwenda kukaa naye chini ya meza, kwa sababu sisi wawili tulikuwa tunaamua ugomvi wa sanduku lingine.

Tangu siku ile nikiulizwa klabu inahitaji nini, jibu langu ni moja: watu, na saa zao. Vitu vya kuchezea ndivyo rahisi kuvipata. Karibu kila mfadhili anavipenda, maana vinapigika picha. Mwongozo huu ni wa wazazi, walimu na wanaojitolea ambao wanataka kuanzisha klabu ndogo, kisha wakaiombee msaada bila kuipotosha njiani.

Jambo dogo kabla hatujaanza: msiiite klabu ya michezo. Mtu akisikia hivyo anawaza mpira, jezi na kombe, na barua yenu itapelekwa kwenye meza isiyo yake. Iiteni klabu ya kucheza.

Hatua ya 1. Semeni klabu ni ya nini, na si ya nini

Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba takriban mtoto 1 katika kila 100 ana usonji (autism), yaani ubongo wake hukua kwa namna tofauti, na hilo hugusa jinsi anavyowasiliana na anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Maana yake ni kwamba palipo na shule mbili tatu kubwa, watoto wa kujaza klabu wapo tayari. Hawaonekani kwa sababu shule ikifungwa wengi wao hubaki ndani. Wenzao wanaalikana kucheza. Wao hawaalikwi, au walialikwa mara moja tu.

Klabu si kliniki. Andikeni hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa katiba yenu. Mkisema mnatoa tiba, mfadhili atataka kujua wangapi wamepona, mamlaka zinaweza kudai wataalamu wenye leseni, na mtoto mwenyewe atanusa kwamba huu "mchezo" ni zoezi lililovishwa nguo nyingine. Watoto hawa wengi wanatoka kwenye mazoezi ya wiki nzima. Saa moja na nusu isiyo na mtihani wanaistahili.

Tena mna hoja nzito ya kusimamia. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 kinataka watoto wenye ulemavu washiriki katika kucheza na burudani sawa na wenzao. Mkiviweka vifungu hivi viwili mwanzoni mwa andiko la mradi, ombi linatoka kwenye huruma na kuingia kwenye haki. Mfadhili makini huisikia tofauti hiyo.

Pia someni kidogo kuhusu mawazo ya Damian Milton, mtafiti ambaye mwenyewe ana usonji. Mwaka 2012 aliandika kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao ni tatizo la pande mbili: kila upande unashindwa kuusoma mwenzake. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh wakaonyesha jambo linalofanana na hilo. Habari iliyopitishwa kutoka mtu hadi mtu ilifika vizuri katika kundi la wenye usonji watupu sawasawa na katika kundi la wasio nao. Ilipotea zaidi pale makundi yalipochanganywa. Kwa klabu yenu hili lina maana ya moja kwa moja. Hamwafundishi watoto wasiojua urafiki. Mnawatafutia mahali ambapo urafiki wao hauhitaji mkalimani kila dakika.

Hatua ya 2. Chagueni mchezo ulio na kazi ndani yake

Kuwaweka watoto chumbani na kuwaambia "haya, chezeni" hakusaidii. Wengi huchoka na kutokujua kinachotakiwa. Mchezo unaofanya kazi ni ule ambao kila mtoto ana jambo lake la kufanya na jambo hilo linamhitaji mwenzake.

Mfano unaojulikana sana ni wa LEGO, vipande vya plastiki vya kujengea vinavyoshikana. Mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel LeGoff, aliona watoto wawili wateja wake, kila mmoja amekuja na LEGO yake, wakizungumza kwa furaha kwenye chumba cha kusubiria, ilhali ndani ya ofisi yake mazungumzo yalikuwa ya kuvutana. Akaanza kuwakutanisha watoto kujenga pamoja, na mwaka 2004 akachapisha utafiti wake wa kwanza juu ya njia hiyo. Kuna mhandisi anayesoma ramani na kueleza kipande gani kinatakiwa, kuna mgavi anayekitafuta na kukitoa, na kuna mjenzi anayekiweka mahali pake. Baada ya muda wanabadilishana. Mhandisi asiposema "chekundu, cha matundu manane", mjenzi hana la kufanya. Hapo mazungumzo yana sababu.

Asiyesema kwa mdomo anaweza kuwa mhandisi vilevile. Anaonyesha kwa kidole, kwa kadi ya picha, au kwa kishikwambi kinachosema kwa niaba yake. Msimnyime zamu kwa sababu mnamhurumia.

LEGO ni ghali, na si lazima. Reli za mbao, mchezo wa ubao, kujenga kambi kwa mashuka na viti, kuchora ramani kubwa ya mji ukutani, vyote vinagawanyika kuwa kazi. Kwa wakubwa kidogo kuna michezo ya kompyuta: seva ya Autcraft, iliyoanzishwa mwaka 2013 ndani ya mchezo wa Minecraft kwa ajili ya watu wenye usonji na familia zao, ilionyesha kwamba mahali pa kukutania panaweza kuwa hata kwenye skrini, mradi pana wasimamizi.

Mtoto anayecheza peke yake pembeni naye yuko kwenye klabu. Mtafiti Mildred Parten, mwaka 1932, alizitaja namna kadhaa za kucheza: peke yako, kutazama wengine, kucheza sambamba, kisha kucheza kwa kushirikiana. Watu wamezigeuza kuwa ngazi ya kupandishwa mtoto, na hapo ndipo msaidizi mgeni anaharibu. Anamwona mtoto anapanga magari kwa rangi, anayachanganya "ili wacheze wote". Mwacheni apange. Kaeni karibu naye, pangeni yenu. Wapo watakaocheza sambamba miezi sita, na siku moja mmoja ataliingiza gari lake kwenye mstari wa mwenzake.

Hatua ya 3. Chumba, saa na mlango

Anzeni na watoto 6 hadi 8, si zaidi. Kipindi cha dakika 60 hadi 90, siku ileile, saa ileile, chumba kilekile. Mkilazimika kubadilisha, tumeni taarifa mapema pamoja na picha ya mahali papya.

Ingieni chumbani wenyewe kwanza na kaeni kimya dakika tano. Sikilizeni. Taa inavuma? Feni inagonga? Kuna mwangwi? Jirani ana kwaya? Mambo ambayo ninyi mmeyazoea yanaweza kuwa ndiyo yote anayoyasikia mtoto. Zimeni taa za mirija kama mwanga wa dirisha unatosha, tandikeni kitu sakafuni kumeza kelele, wekeni vizuia kelele vya masikioni viwili vitatu mahali panapofikika bila kuomba.

Tengeni kona tulivu. Hema dogo au meza iliyofunikwa shuka inatosha. Kona hiyo haitumiki kumwadhibu mtoto kamwe, na hakuna anayefuatwa humo na maswali. Siku mtakapompeleka mtoto pale kwa sababu "amekosa", mtakuwa mmeipoteza.

Ratiba ibandikwe ukutani kwa picha, kuanzia kuvua viatu hadi kwaheri. Kabla ya siku ya kwanza, mpelekeeni kila mtoto kijitabu cha kurasa nne tano chenye picha halisi: huu ndio mlango, huyu ndiye atakayekupokea, hapa ndipo choo, ukichoka unaweza kwenda hapa. Hadithi fupi za namna hii zilianzishwa na mwalimu Carol Gray mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hazigharimu ila muda na wino.

Sasa mlango. Katika utafiti mmoja mkubwa wa familia uliochapishwa Marekani mwaka 2012, karibu nusu ya wazazi walisema mtoto wao mwenye usonji amewahi kujaribu kutoka na kupotea baada ya kufika umri wa miaka 4. Watoto wengi hawakimbii ovyo. Kuna kitu wanakifuata, mara nyingi maji, au kuna kitu wanakikimbia. Kwa hiyo mtu mmoja kazi yake kipindi chote ni mlango, na hafanyi kingine. Kabla ya kukodi chumba, zungukeni jengo mkague kama kuna kisima, bwawa, mfereji au barabara karibu. Kama kipo na hakuna uzio, tafuteni chumba kingine hata kama hiki ni cha bure.

Hatua ya 4. Watu

Kwa watoto 8 napendekeza watu wazima 4: mmoja wa mlango, mmoja anayeongoza mchezo, wawili wa kuwa pale wanapohitajika, pamoja na kule chini ya meza. Kuna mtoto atakayehitaji mtu wake peke yake. Huyo ni wa tano. Msijidanganye kwamba wanne watambeba.

Yeyote atakayekaa na watoto achunguzwe kwa utaratibu wa sheria ya mahali mlipo, alete wadhamini wawili wanaomjua, na asikae na mtoto peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Hili halina mjadala, awe mzazi, awe kiongozi wa dini, awe mjomba wa mweka hazina. Watoto wasiosema ndio walio rahisi kudhurika, kwa kuwa hawatasimulia.

Kila mtoto awe na karatasi yake moja, ukurasa mmoja, inayojazwa na mzazi: anapenda nini, nini kinamchokoza, anaonyeshaje kwamba amezidiwa, anasaidiwaje chooni, ana mzio gani, ana kifafa au hana, nani apigiwe simu. Wasaidizi waisome kabla ya kipindi. Kifafa nakitaja makusudi. Huwapata watu wenye usonji kwa kiwango kikubwa kuliko watu wengine, na angalau wawili kati yenu wajue cha kufanya degedege ikianza.

Wafundisheni wasaidizi kutofautisha mlipuko wa hisia na utundu. Mtoto aliyezidiwa haombi kitu, na ukimpa kitu hanyamazi. Punguzeni sauti, ondoeni watazamaji, punguzeni maneno, subirini. Anayepeperusha mikono au kujitikisa anajituliza, msimshike mikono.

Na jambo ambalo klabu nyingi husahau: ajirini watu wazima wenye usonji, muwalipe. Wataona taa inayovuma kabla yenu. Watoto wengi hawajawahi kukutana na mtu mzima anayefanana nao, na kuna wazazi ambao hilo peke yake limewapa usingizi.

Hatua ya 5. Pigeni hesabu kwa saa kabla ya kuipiga kwa fedha

Hapa ndipo maombi mengi hufa. Watu huanza na orodha ya vitu, ilhali gharama kubwa haiko kwenye vitu. Chukueni kalamu tufanye mfano.

Kipindi ni dakika 90. Kila mtu mzima anafika nusu saa kabla, anabaki nusu saa baadaye, jumla saa 2 na nusu. Watu 4 ni saa 10. Mratibu anatumia saa nyingine 4 kwa wiki kupiga simu, kuandaa picha, kujaza daftari na kuandika ripoti. Tumefika saa 14 kwa wiki. Kwa wiki 40 za mwaka, ni saa 560.

Nafasi ni 8 kwa wiki 40, yaani 320. Gawanyeni: kila nafasi moja inabeba saa 1 na dakika 45 za mtu mzima. Lakini watoto hawaji wote kila wiki. Kuna kuugua, kuna siku mbaya, kuna nauli iliyokosekana. Mahudhurio yakiwa robo tatu, nafasi zinazotumika ni 240, na kila ujio wa mtoto unabeba saa 2 na dakika 20. Zidisheni kwa malipo ya saa ya mtu mliyemfundisha, na hiyo ndiyo bei ya kweli ya klabu yenu. Hata anayejitolea mwandikeni kwenye hesabu, kwa thamani ya saa zake, ili mfadhili aone mchango mliokwisha kuutoa na mjue pengo litakuwa kubwa kiasi gani akihama.

Kisha ongezeni vinavyosahaulika: kodi ya chumba, bima, uchunguzi wa wasaidizi, mafunzo, nauli za familia zinazotoka mbali, mtu wa kukagua hesabu, na kitu kidogo cha kuziba vilivyovunjika. Vitu vya kuchezea viandikeni mwisho. Mtashangaa jinsi mstari huo ulivyo mfupi.

Wafadhili wengine hawapendi kulipa "gharama za uendeshaji". Basi msiziite hivyo bila maelezo. Mtu wa mlangoni si uendeshaji. Yeye ndiye klabu. Andikeni: "Saa 100 za mtu anayelinda mlango ili watoto 8 wasipotee." Hizo ni wiki 40 zake.

Hatua ya 6. Muwe chombo kinachoweza kupokea fedha

Hii niipite haraka, maana sheria hutofautiana. Mnahitaji kamati ya watu wasiotoka nyumba moja, katiba fupi, akaunti ya benki yenye watia saini wawili, sera ya ulinzi wa mtoto na daftari la fedha linaloeleweka na mtu mwingine. Usajili ukichelewa, ombeni hifadhi chini ya shirika lililokwisha kusajiliwa: fedha zipite kwao, kwa mkataba wa maandishi unaosema wanakata asilimia ngapi na wanazitoa ndani ya siku ngapi. Fedha za klabu zisipite kwenye simu ya mtu binafsi, hata wiki moja, hata mwenyekiti akiwa mtakatifu.

Hatua ya 7. Mlango upi mbishe

Msianze na mashirika makubwa ya kimataifa. Fomu zao zinachukua mwezi, na kiasi chao cha chini huenda kinazidi bajeti yenu ya miaka mitatu. Anzeni na walio karibu: mifuko ya hisani ya familia, vilabu vya kujitolea vya Rotary na Lions, nyumba za ibada, kampuni zenye fungu la jamii, vyama vya wahitimu. Chuo kinachofundisha ualimu maalumu au tiba ya kazi (ya kumsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku) kinaweza kuwapa wanafunzi wa mazoezi kwa vitendo. Mkubaliane wakae muhula mzima, kwa kuwa kumletea mtoto sura mpya kila wiki ni hasara kuliko msaada.

Kuna kalenda ya kuielewa. Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Usonji mwishoni mwa mwaka 2007, na tangu 2008 huadhimishwa kila Aprili 2. Wiki hiyo simu zinalia. Kampuni zinataka kuja na fulana na keki. Septemba hakuna anayekumbuka. Ushauri wangu: mgeni wa Aprili msimkatae, ila mwambieni keki mmepata tayari, na mumwombe alipie kipindi kimoja kila mwezi kuanzia Mei. Anayekubali ni mfadhili. Anayesita alikuja kupiga picha, na hiyo nayo ni habari nzuri kuijua mapema.

Msaada wa vitu upokeeni kwa orodha yenu. Andikeni mnachotaka na msichotaka: hatupokei vinavyolia, vyenye harufu kali, vyenye vipande vidogo kwa watoto wanaotia vitu mdomoni. Asiyependa orodha atakasirika kidogo. Mtapona.

Hatua ya 8. Andiko lenyewe

Kurasa mbili zinatosha kwa mfadhili mdogo. Mwanzo wake unaweza kuwa hivi:

"Kila wiki watoto 4 wenye usonji, wa umri wa miaka 7 hadi 11, hukutana kwa dakika 90 kucheza pamoja. Kwa wengi wao hii ndiyo nafasi pekee ya kuwa na wenzao nje ya shule. Tunao wasaidizi 2 waliofundishwa, tunahitaji 4. Tunaomba mlipie saa 200 za wasaidizi wawili kwa wiki 40. Tukipata, watoto 4 walio kwenye orodha ya kusubiri wataingia."

Aya hiyo ina watoto, ina muda, ina pengo, ina kiasi, ina kitakachobadilika. Haina "mzigo", haina "janga", haina "wanateseka na usonji". Haiahidi kwamba mtoto atasema au atamtazama mtu machoni.

Kuhusu alama: wengi hukimbilia kipande cha fumbo la picha. Alama hiyo ilitoka Uingereza mwaka 1963, na ile ya kwanza ilikuwa na mtoto anayelia ndani yake. Watu wazima wengi wenye usonji hawaipendi, kwa sababu inawafanya waonekane fumbo au kitu kilichopungukiwa kipande. Waacheni watoto wenu wachore nembo. Yetu ni treni yenye mabehewa mengi kupita kiasi, na hakuna mfadhili aliyewahi kulalamika.

Hatua ya 9. Mtapima nini

Mfadhili atauliza matokeo, na ana haki. Hatari ni kumpa kipimo kibaya kwa sababu ni rahisi. Mkihesabu mara ngapi mtoto ametazama watu machoni au amekaa bila kujitikisa, mnapima uwezo wake wa kujificha, yaani kuuficha usonji wake. Tafiti zimehusisha kujificha huko, miaka nenda miaka rudi, na msongo, wasiwasi na hata mawazo ya kujiua.

Hesabuni haya: wangapi wamerudi baada ya kipindi cha tatu; wangapi wamemwita mwenzao kwa jina au ishara bila kuchochewa; mara ngapi mtoto amechagua mchezo mwenyewe; familia ngapi zimekutana nje ya klabu. Mwisho wa kila kipindi mtoto aweke kadi yake kwenye kisanduku kimoja kati ya vitatu vyenye picha: nilipenda, hivihivi, sikupenda. Kisanduku cha tatu kikijaa, andikeni kwenye ripoti kwamba kilijaa na mlichobadilisha. Mfadhili huamini ripoti yenye siku mbaya ndani yake.

Msivimbishe ushahidi. Uchunguzi mkubwa wa vikundi vya LEGO katika shule za Uingereza, uliohusisha karibu watoto 250 na kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha faida ndogo katika stadi za kijamii. Ndogo, lakini ipo. Atakayewaahidi wafadhili kubwa atakuwa na kazi ngumu mwaka wa pili.

Hatua ya 10. Picha, wageni na siri

Kibali cha picha kisainiwe na mzazi, kisha mtoto aulizwe siku hiyohiyo kwa namna anayoielewa. Akigeuza uso, amekataa. Ripoti zetu zina picha za mikono, migongo na minara iliyokamilika, zinatosha. Majina, utambuzi wa daktari na shule ya mtoto havimhusu mfadhili.

Mfadhili akitaka kutembelea, aje wawili tu, kabla ya watoto kufika, aone chumba na azungumze na wasaidizi. Akisisitiza kuwaona watoto, apewe kazi: akae sakafuni, awe mgavi, atafute vipande. Mmoja wa wafadhili wetu alitafuta kipande cha kijani saa nzima chini ya maelekezo ya mtoto wa miaka 8 asiyesema hata neno moja. Mwaka uliofuata hakuuliza tena kuhusu vitu vya kuchezea.

Hatua ya 11. Fedha zikikaribia kwisha

Fedha za miezi mitatu tu kataeni, au ziunganisheni na nyingine. Mtoto anachukua wiki sita kuuzoea mlango, na mnaufunga akiwa ndiyo kwanza ameanza kucheka. Wekeni akiba ya vipindi visivyopungua 8, msiiguse kwa jambo lingine. Akiba ikianza kuliwa, hiyo ndiyo kengele ya kuandika barua kwa kila aliyewahi kuwachangia, mkisema bila kuzunguka zimebaki wiki ngapi.

Ikibidi kufunga, waambieni watoto wiki 6 kabla. Chapisheni kalenda yenye visanduku sita, kila kipindi mtoto afute kimoja. Wazazi wabadilishane namba kabla ya kipindi cha tano, maana cha sita watu hulia na kusahau. Siku ya mwisho ratiba ya picha ibaki ileile kuanzia viatu hadi kwaheri, bila keki, bila hotuba, na kila mtoto aondoke na kitu alichokijenga bila kubomolewa.